Kalenda tatu za Misri: kwa nini Krismasi ni mapumziko ya wote na Pasaka ni ya wenyewe

Magharibi mwa Cairo kuna mji unaoitwa Oktoba Sita. Upande wa mashariki, ukishika barabara ya kwenda Ismailia, kuna mwingine unaoitwa Ramadhani Kumi. Yote miwili ilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970, na majina yake ni ya siku moja: siku ile ya mwaka 1973 jeshi la Misri lilipovuka Mfereji wa Suez. Kwa kalenda ya ofisini ilikuwa 6 Oktoba. Kwa kalenda ya msikitini ilikuwa tarehe 10 Ramadhani 1393. Kwenye kalenda ya kanisa la Kikopti siku hiyohiyo ilikuwa 26 Tut 1690, ingawa hakuna mji uliopewa jina hilo.

Anayetaka kuzielewa sikukuu za Misri na aanzie hapo. Orodha ya mapumziko ya nchi hiyo humchanganya mgeni: tarehe nyingine hazibadiliki kamwe, nyingine zinangoja mwezi kuandama, moja ni ya Waislamu na Wakristo pamoja lakini tarehe yake inapangwa na Pasaka, na nyingine ni halali kwa mfanyakazi mmoja huku jirani yake wa meza ya pili akiendelea na kazi. Ukishajua kila sikukuu inafuata kalenda ipi, na nani mwenye mamlaka ya kuitangaza, fundo linaanza kufunguka.

Misri ina watu zaidi ya milioni 100. Wengi mno ni Waislamu wa Sunni. Wakristo, ambao wengi wao ni Wakopti wa Kiorthodoksi, hukadiriwa mara nyingi kuwa mmoja kati ya kumi, na makadirio hayo yenyewe yana ubishi mkali. Wakazi wa Nairobi wanalijua jina hili la Kopti kutokana na hospitali iliyoko Ngong Road. Kanisa hilo lilianza utume wake Kenya miaka ya 1970, na waumini wake huko nao husali Krismasi tarehe 7 Januari, kama wenzao wa Cairo na Aleksandria.

Mwezi wa kuonekana na mwezi wa kuhesabiwa

Msomaji wa Mombasa au Unguja hahitaji kufundishwa habari za kalenda ya Hijria. Mwezi una siku 29 au 30, mwaka ni mfupi kwa siku 10 au 11 kuliko mwaka wa jua, na kwa hiyo Idi huzunguka majira yote, leo kwenye joto, miaka kadhaa baadaye kwenye baridi. Serikali ya Misri hutoa mapumziko kwa wananchi wote katika Idi ya Fitri, Idi ya Kuchinja pamoja na siku ya Arafa iliyo kabla yake, Mwaka Mpya wa Kiislamu, na Maulidi ya Mtume katika mfunguo sita.

Ubishi wa mwezi ambao huku pwani unaweza kugawa mtaa mmoja katika Idi mbili, kule una pa kuishia. Dar al-Ifta, taasisi ya fatwa iliyoundwa mwaka 1895, ndiyo inayotangaza, na serikali hufuata tangazo hilo. Mwaka 2025 Misri na Saudia zilianza kufunga siku moja, Jumamosi 1 Machi. Saudia ikaswali Idi Jumapili 30 Machi. Mufti Mkuu wa Misri akatangaza kuwa mwezi haukuonekana, wakatimiza thelathini, na Idi ya Cairo ikawa Jumatatu 31 Machi. Kwa Idi ya Kuchinja jambo huwa jepesi zaidi, kwa sababu Misri huenda na siku ambayo mahujaji wamesimama Arafa. Ndiyo maana orodha za mapumziko zinazotolewa mwanzo wa mwaka huziandika tarehe za Kiislamu kuwa ni za kutarajiwa tu, na Baraza la Mawaziri huzithibitisha moja moja muda unapokaribia.

Kalenda ya Kikopti haijui mambo ya mwandamo. Ni kalenda ya jua yenye mizizi katika Misri ya mafarao: miezi 12 ya siku 30 kila mmoja, kisha mwezi mdogo wa 13 wenye siku tano, au sita kila baada ya miaka minne. Miaka yake huhesabiwa tangu 284, mwaka alioanza kutawala Kaisari Diocletian wa Roma, aliyewaua Wakristo wengi wa Misri; ndiyo maana Wakopti huita hesabu yao Zama za Mashahidi. Mwaka Mpya wao, Nairuzi, huangukia 11 Septemba, au 12 Septemba unapotangulia mwaka mrefu.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalitarajii. Kalenda hii haijabaki kanisani. Wakulima wa bonde la Nile, Waislamu wakiwemo, wamepanga kilimo chao kwa miezi ya Kikopti kwa karne nyingi, na methali zao zimejaa majina hayo. Tuba ni baridi ya kuingia mifupani, Amshir ni upepo na vumbi, na ukifika Baramhat, mwezi wa Machi kuingia Aprili, mkulima huambiwa aende shambani akalete, kwa kuwa mazao yako tayari. Mwezi mwandamo hauwezi kumwambia mtu lini apande ngano. Wazee wa pwani yetu walilijua tatizo hilohilo: waliswali na kufunga kwa mwezi mwandamo, lakini pepo za safari, mvua na kilimo walizihesabu kwa Nairuzi, mwaka wa jua wa siku 365, ambao alama yake bado ipo katika Mwaka Kogwa wa Makunduchi. Kuwa na kalenda ya ibada na kalenda ya shamba katika nyumba moja ya Kiislamu si ugeni kwetu.

Krismasi ya Wakopti ni tarehe 29 ya mwezi wao wa Kiyahk. Zamani tarehe hiyo ilikuwa sawasawa na 25 Desemba ya kalenda ya Kirumi iliyowekwa na Julius Caesar. Mwaka 1582 Papa Gregori wa 13 aliirekebisha kalenda ya Magharibi, Wakopti wakabaki na hesabu yao, na pengo kati ya hesabu hizo mbili sasa ni siku 13. Ndipo inapotokea 7 Januari. Wakopti hawajachagua siku nyingine ya kuzaliwa Kristo. Siku ni ileile, ila kalenda iliyotundikwa ukutani ndiyo iliyosogea. Dola ya Misri yenyewe ilianza kutumia kalenda ya Gregori mwaka 1875, enzi za Khedivu Ismail.

Pasaka nayo inafuata mwezi, jambo ambalo watu husahau. Kanuni ya kale ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa majira ya kuchipua. Tofauti na Ramadhani ni kwamba mwezi wa Pasaka hautafutwi angani. Unapigiwa hesabu kwa jedwali, na jedwali la Wakopti limesimama juu ya kalenda ya kale. Matokeo yake ni kwamba katika karne hii Pasaka yao haiwezi kutangulia 4 Aprili wala kupita 8 Mei. Mwaka 2025 ilikutana na Pasaka ya Magharibi, 20 Aprili. Mwaka 2024 zilipishana kwa majuma matano: ya Magharibi ilikuwa 31 Machi, ya Wakopti 5 Mei.

Na kwa kuwa Kwaresima yao ni ya siku 55, kuna miaka ambayo Wamisri wa dini zote mbili hufunga kwa wakati mmoja. Mwaka 2025 Wakopti walianza mfungo tarehe 24 Februari, Waislamu wakawafuata 1 Machi. Mfungo wa Mkopti ni wa kuacha nyama, maziwa, mayai na kila kitokacho kwa mnyama, na kwa mwaka mzima siku zake za kufunga huzidi 200. Katika Machi ya namna hiyo nyumba mbili zilizopakana zote zina jikoni lenye masharti, kila moja na yake.

Ruhusa na sikukuu

Hadi mwanzoni mwa karne hii Krismasi haikuwa mapumziko ya taifa nchini Misri. Mfanyakazi Mkristo alikuwa na haki ya ruhusa, lakini shule, benki na ofisi zilifunguliwa kama kawaida. Mwishoni mwa 2002 Rais Hosni Mubarak alitoa amri ya kuifanya 7 Januari kuwa sikukuu ya wananchi wote, na mara ya kwanza ikaadhimishwa hivyo 2003. Kwa Wakopti lilikuwa jambo zito. Ruhusa humwambia mtu kwamba anaweza kuondoka kwenda kwenye mambo yake. Sikukuu ya taifa humwambia kwamba mambo yake ni ya nchi.

Sikukuu nyingine za Kikristo zimebaki kwenye ngazi ya ruhusa. Mfanyakazi wa Kikopti anaruhusiwa kutokuja kazini siku ya Ubatizo wa Bwana, ambayo kwa kawaida ni 19 Januari, Jumapili ya Matawi, Alhamisi Kuu na Pasaka. Wakatoliki na Waprotestanti wana orodha yao, ikiwemo 25 Desemba. Lakini nchi haisimami. Wikiendi ya Misri ni Ijumaa na Jumamosi. Jumapili ni siku ya kwanza ya kazi, na makanisa mengi yamezoea kufanya misa ya Ijumaa asubuhi ili watu wapate kuhudhuria. Pasaka, ambayo kwa Mkopti ndiyo kilele cha mwaka kuliko hata Krismasi, huangukia siku ambayo mabasi ya shule yako barabarani. Malalamiko ya mitihani kupangwa katika sikukuu za Kikristo yamesikika mara nyingi.

Kwa nini Krismasi imepewa wote na Pasaka haikupewa? Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni ya kiimani. Kuzaliwa kwa Nabii Isa kumesimuliwa ndani ya Qurani, katika Sura Maryam, na Mwislamu anaweza kufurahia kuzaliwa kwa nabii bila kugusa itikadi yake. Pasaka inasimama juu ya msalaba na ufufuko, na Sura An-Nisaa inakanusha kwamba Isa alisulubiwa. Kwa hiyo, husemwa, dola ambayo katiba yake inautaja Uislamu kuwa dini ya nchi haiwezi kuisimamisha nchi nzima kwa ajili ya tukio hilo.

Hoja hiyo naielewa, lakini siikubali. Siku ya mapumziko haimwombi mtu akiri chochote. Tanzania Ijumaa Kuu ni mapumziko na Maulidi ni mapumziko. Mwislamu wa Tanga hakubali kusulubiwa kwa kukaa nyumbani siku ile, wala Mkristo wa Mbinga hashahadii kwa kulala hadi saa tatu siku ya Maulidi. Na Wamisri wenyewe, katika maisha yao ya kila siku, wameshavuka hatua hiyo. Salamu ya sikukuu ni moja, ya kumtakia mwenzako heri kila mwaka unaporudi, na hutumiwa kwa Idi kama kwa Krismasi. Biskuti za kahk zilizonyunyiziwa sukari huokwa kwa Idi ya Fitri na huokwa pia kwa sikukuu za Wakopti.

Tusijidanganye kwamba yote ni asali. Jumapili ya Matawi ya 2017, tarehe 9 Aprili, makanisa mawili ya Tanta na Aleksandria yalilipuliwa wakati wa ibada, watu zaidi ya 40 wakauawa, na hali ya hatari ikatangazwa nchi nzima. Kwa Wakopti wengi sikukuu ni siku ya furaha na ni siku ya kupita kwenye vizuizi vya polisi mlangoni mwa kanisa. Rais Abdel Fattah al-Sisi alipoingia kanisa kuu la Abbasiya katika misa ya Krismasi Januari 2015, jambo ambalo rais wa Misri hakuwa amelifanya kabla yake, na alipofungua kanisa kuu la Kuzaliwa kwa Kristo na msikiti mkubwa siku moja katika mji mkuu mpya, 6 Januari 2019, hatua hizo zilipokewa na watu ambao walikuwa bado na makaburi mapya.

Jumatatu ya samaki na vitunguu

Siku inayonipendeza kuliko zote katika orodha hii ni Sham el-Nessim, Jumatatu inayofuata Pasaka ya Wakopti. Ni mapumziko ya taifa, na haina dini. Wamisri wa kila imani hutoka nyumbani asubuhi, hujaza bustani, kingo za Nile na fukwe, hupaka mayai rangi, na hula vitunguu vibichi, saladi ya majani na fesikh, samaki aina ya mkizi aliyechachushwa kwa chumvi kwa majuma kadhaa, mwenye harufu inayotangulia sahani. Fesikh akitengenezwa vibaya ni sumu. Mwaka 1991 watu 18 walikufa, na kila mwaka Wizara ya Afya hutoa onyo, na kila mwaka watu hula.

Watafiti wengi huiunganisha siku hii na sherehe za mavuno za Misri ya kale. Swali ni vipi ikaja kunata kwenye Pasaka. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba Misri ilipokuwa ya Kikristo, sherehe ya kuchipua ilikuwa ikiangukia ndani ya Kwaresima, wakati ambao haifai kula na kushangilia, hivyo ikasogezwa hadi siku ya pili ya Pasaka. Uislamu ulipoenea, watu waliendelea kutoka kuvuta hewa siku ileile. Ndiyo maana leo Waislamu wapatao milioni tisini wana sikukuu ambayo tarehe yake hupangwa na jedwali la Pasaka la kanisa.

Wapo wahubiri wanaosema haifai kwa Mwislamu. Dar al-Ifta imejibu kwamba ni desturi ya jamii, haina ibada ndani yake, na hakuna ubaya. Mtihani mgumu zaidi ulikuwa wa kalenda: mwaka 2021, 2022 na 2023, mitatu mfululizo, Sham el-Nessim iliangukia ndani ya Ramadhani. Mapumziko yalikuwepo, lakini chakula cha mchana kando ya mto hakikuwezekana kwa aliyefunga. Kilichokuwa cha asubuhi kilibidi kingoje magharibi au Idi. Mwaka 2022 Jumatatu hiyo ilikuwa pia 25 Aprili, siku ya Kukombolewa kwa Sinai, kwa hiyo kalenda tatu zilikutana katika siku moja: ya kanisa ilileta Sham el-Nessim, ya Hijria ilileta mfungo, na ya serikali ilileta bendera.

Mchanganyiko huu ni wa kale. Msafiri al-Mas'udi alikuwepo Fustat, mji wa kale ulio sasa ndani ya Cairo, katika usiku wa Ubatizo wa Bwana wa mwaka 330 Hijria, sawa na Januari 942, na ameeleza jinsi mtawala Mwislamu, al-Ikhshid, alivyoamuru mienge elfu moja iwashwe kando ya Nile, na jinsi Waislamu kwa Wakristo walivyojaa kwenye mashua na kingo wakila na kuimba. Watawala wengine walizipiga marufuku sherehe kama hizo. Nairuzi ya mitaani ya Cairo ilizimwa mwishoni mwa karne ya 14. Siku ya Ubatizo leo inakumbukwa zaidi mezani: Wakopti hula magimbi na miwa.

Tarehe za dola

Zilizobaki ni za kalenda ya kawaida na maelezo yake ni mafupi. 25 Aprili ni Sinai kurudishwa mwaka 1982. 1 Mei ni wafanyakazi. 30 Juni ni maandamano ya 2013 yaliyotangulia kuondolewa kwa Rais Mohamed Morsi. 23 Julai ni mapinduzi ya 1952. 6 Oktoba tumeshaiona. Yenye utata ni 25 Januari, kwa kuwa imebeba mambo mawili: Siku ya Polisi, kwa kumbukumbu ya askari waliouawa na Waingereza Ismailia mwaka 1952, na mapinduzi ya 2011, ambayo vijana waliyapanga siku hiyo makusudi ili kuwapinga polisi. Mapumziko ni yaleyale. Anachokumbuka kila mtu ni chake.

Katika miaka ya karibuni serikali imekuwa ikizisogeza tarehe hizi zinapoangukia katikati ya juma, ili zishikane na wikiendi. 25 Januari 2021 ilikuwa Jumatatu, mapumziko yakapelekwa Alhamisi 28. Idi, Krismasi na Sham el-Nessim haziguswi, kwa sababu siku yenyewe ndiyo sikukuu.

Uwezo huo wa kusogeza ndio uliofanya jambo la kuvutia mwaka 2024. Mei Mosi ilikuwa Jumatano. Serikali ikahamishia mapumziko yake Jumapili 5 Mei, yaungane na Sham el-Nessim ya Jumatatu. Jumapili hiyo ilikuwa Pasaka. Kwa jina la wafanyakazi, nchi nzima ilifunga ofisi na shule siku ya Pasaka ya Wakopti, Wakristo wakaenda kanisani bila kuomba ruhusa kwa mtu, na hakuna Mwislamu aliyeulizwa anaamini nini kuhusu msalaba. Hakuna aliyepungukiwa. Yale yaliyofanyika mwaka ule kwa njia ya pembeni yanaweza kuandikwa wazi katika orodha ya taifa, na naona Wakopti wanastahili hivyo: Jumapili moja zaidi, iliyobanwa kati ya Jumamosi na Jumatatu ambazo tayari ni mapumziko.

Mwaka 2027 Pasaka ya Wakopti ni 2 Mei. Mei Mosi itakuwa Jumamosi, siku ambayo ofisi nyingi zimeshafungwa, na Sham el-Nessim itakuwa Jumatatu tarehe 3. Baraza la Mawaziri likitaka kuwafidia wafanyakazi siku yao iliyomezwa na wikiendi, Jumapili iliyopo katikati ndiyo ya kwanza kufikiriwa.